Kazimoto, Meursault na mlango uliogoma: je, udhanaishi ni kukata tamaa?

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma Fasihi ya Kiswahili. Tumefundishwa kwamba Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ni riwaya ya udhanaishi kwa sababu Kazimoto anaona maisha hayana maana na mwishowe anajiua. Mwenzangu anayesoma Kifaransa anasema Meursault wa Albert Camus naye ni hivyohivyo. Mimi nimekwama. Kama falsafa yenyewe inasema maisha hayana maana, hao watu waliandika riwaya na tamthilia za nini? Na je, kila mhusika mwenye huzuni ni mdhanaishi? Naomba ufafanuzi wa kirefu, nina kazi ya kuandika.*

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonifurahisha ni hilo neno "nimekwama". Wengi hawakwami. Wanaandika "Kazimoto amekata tamaa, hivyo ni mdhanaishi", wanapewa alama zao, maisha yanasonga. Nami nilipokuwa nasahihisha mitihani nilizitoa alama hizo bila kusita, kwa hiyo usidhani nimekuja kumsuta mwalimu wako. Najisuta mwenyewe kwanza.

Nionavyo mimi, udhanaishi ni falsafa inayomnyang'anya mtu visingizio vyake, na riwaya na tamthilia zake zimejengwa ili kumnasa mhusika pale hasa anapokitafuta kisingizio. Ukimsoma Kazimoto hivyo, kujiua kwake hakuthibitishi kwamba ni mdhanaishi. Kunakuwa fumbo ambalo insha yako inapaswa kulifumbua.

Neno lenyewe lina mtego. Udhanaishi limeungwa kwa dhana na ishi. Kinachochekesha ni kwamba katika neno letu dhana imetangulia na kuishi kumefuata, ilhali mafundisho yenyewe yanasema kinyume: mtu kwanza yupo, anaishi, ndipo anapojijengea dhana ya yeye ni nani. Sina neno bora la kupendekeza, na hili limeshazoeleka vitabuni. Ila kila unapoliandika kumbuka limevaliwa kinyumenyume, kama shati.

Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Kabla fundi hajashika tezo alikwisha kuijua: hapa pa kukalia, hapa ulimi wa chuma wenye meno. Kazi yake ilipangwa kabla haijakuwapo. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Kifaransa, katika mhadhara wake wa Oktoba 29, 1945 jijini Paris, alitumia kisu cha kukatia karatasi kwa hoja hiyohiyo. Binadamu, alisema, hakuchongwa na fundi mwenye mchoro. Anajikuta yupo, kisha kwa kila anachokitenda anajichonga mwenyewe, na hakuna mtu wa kumrudishia tezo.

Hapa msomaji wetu, awe Mwislamu au Mkristo, hushtuka na kuuliza: na Mungu je? Sartre hakuamini na wala hakuficha. Lakini Søren Kierkegaard, Mdenishi wa karne ya 19 ambaye wote hawa humhesabu kama babu yao, alikuwa Mkristo wa imani kali, na Gabriel Marcel, aliyeandika tamthilia hukohuko Ufaransa, alikuwa Mkatoliki. Basi usiandike kwamba udhanaishi maana yake ni kumkana Mungu. Wanachokubaliana ni kwamba hakuna anayeweza kuchagua kwa niaba yako. Hata ukimkabidhi mwingine achague, kule kukabidhi ni uchaguzi wako, na utaulizwa.

Sisi tunao msemo unaolifupisha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote: "shetani alinipitia". Mtu kala fedha za ushirika, shetani alimpitia. Kamtelekeza mtoto, shetani alimpitia. Mwingine atasema "ningefanyaje?", mwingine "ndivyo nilivyoumbwa". Sartre ana istilahi ya tabia hii, ambayo mimi huitafsiri kwa neno la kila siku, kujidanganya. Katika L'Être et le néant (1943) anamwonyesha mhudumu wa mkahawa ambaye hatua zake ni za haraka kupita kiasi, anamwinamia mteja kwa bidii iliyozidi kidogo, anabeba sinia kama mcheza sarakasi. Anaigiza uhudumu mpaka uonekane kuwa ni mfupa wake, asibakiwe na nafasi ya kujiuliza kwa nini kesho aamke arudi palepale. Umewahi kukutana na karani anayekwambia "mimi nafuata utaratibu tu"? Huyo na yule mhudumu ni ndugu.

Sasa twende jukwaani, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoelewa, tena kwa aibu.

Tamthilia ya Sartre iitwayo Huis clos ilionyeshwa mara ya kwanza Mei 1944 katika ukumbi wa Vieux-Colombier, Paris ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Wafu watatu wanaingizwa mmoja baada ya mwingine katika sebule yenye makochi matatu na sanamu ya shaba. Hakuna kioo. Taa haizimwi. Garcin alikuwa mwandishi wa habari aliyejitangaza mpenda amani, kisha vita vilipofika akakimbia, akakamatwa, akapigwa risasi. Inès alikuwa karani wa posta. Estelle, mwanamke wa watu wenye nafasi, alimuua mtoto wake mchanga. Wanajua wako jehanamu, wanamsubiri mtesaji. Mtesaji haji. Taratibu wanang'amua kwamba kila mmoja ndiye mtesaji wa wawili waliobaki. Hapo ndipo linapotoka lile neno maarufu kwamba jehanamu ni watu wengine, ambalo watu hulinukuu wakigombana na majirani. Sartre alikuja kulalamika kwamba limeeleweka vibaya. Yeye alikuwa anazungumzia uhusiano uliopinda, pale mtu anapojitegemeza mzima mzima kwenye hukumu ya wenzake.

Miaka mingi iliyopita, katika chuo nilichofundisha, wanafunzi wangu walitafsiri vipande vya tamthilia hii wakaviigiza kwenye bwalo la chakula. Makochi yalikuwa mabenchi matatu yaliyofunikwa khanga. Mlango alitutengenezea seremala wa chuo, kwa mbao ambazo hazijakauka. Karibu na mwisho Garcin anaupiga mlango kwa ngumi, anadai afunguliwe, yuko radhi kwa risasi iliyoyeyushwa kumiminiwa mwilini kuliko mateso haya ya kichwani. Katika maandishi mlango unafunguka ghafla, nusura aanguke nje. Sasa siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mbao zimevimba, mlango ukagoma. Kijana akavuta, akasukuma, akapiga teke. Watu wakaanza kucheka. Mwisho akatugeukia, jasho linamtiririka, akasema neno ambalo halimo kwenye maandishi: "Umefungwa!" Onyesho likaendelea, tukapigiwa makofi.

Nilitembea nyumbani usiku ule nikijua kuna kitu kimeharibika, na sikukijua ni kipi mpaka nilipokuwa navua viatu. Mlango usipofunguka, hiyo ni hadithi ya wafungwa watatu, na mfungwa kazi yetu ni kumhurumia. Lakini katika maandishi mlango uko wazi. Njia ipo. Na hakuna anayetoka. Estelle anajaribu kumsukuma Inès nje, Inès anang'ang'ania abaki, na Garcin, aliyekuwa akilia afunguliwe, anakwenda kuurudisha mlango kwa mkono wake mwenyewe. Anabaki kwa sababu anamtaka Inès amwambie kwamba hakuwa mwoga. Wengine wangemwambia hivyo kwa kumfurahisha, ila Inès anaujua woga, kwa hiyo neno lake ndilo lenye thamani. Garcin amemkabidhi mtu mwingine kazi ya kusema yeye ni nani, na kwa ajili ya hilo anakaa motoni milele.

Tangu usiku huo, nikipewa kazi yoyote inayoitwa ya udhanaishi, nautafuta mlango. Ni wapi mhusika huyu njia ilikuwa wazi, akaifunga mwenyewe, halafu akasema ilikuwa imefungwa?

Nikija kwa Meursault wa mwenzako. Kwanza tahadhari: Camus alikataa kuitwa mdhanaishi, na alilisema hilo waziwazi mwaka 1945. Mwaka 1952 yeye na Sartre waligombana hadharani, hawakupatana tena. Na bado walikuwa wameanza kama chanda na pete, kiasi kwamba mpango wa mwanzo wa Huis clos ulikuwa Camus aiongoze na aigize Garcin. Wahakiki huwatia kapu moja. Watie, mradi uandike sentensi moja kuonyesha unajua kapu lina mgogoro ndani.

L'Étranger, riwaya ya Camus alimo Meursault, ilitoka mwaka 1942. Sisi watu wa matanga hatuna haraka ya kumsamehe Meursault. Mama yake kafa, yeye kando ya jeneza anakunywa kahawa ya maziwa na kuvuta sigara. Hakulia. Kesho yake anakwenda kuogelea, anakutana na mwanamke, wanakwenda kutazama filamu ya kuchekesha. Camus alijua hasira hiyo ingempanda msomaji, hata Ufaransa, na kesi nzima imejengwa juu yake: mahakamani mwendesha mashtaka anajishughulisha na mazishi ya mama kuliko maiti iliyolala ufukweni.

Lakini nakuomba usome ule ukurasa wa ufukweni polepole. Jua liko utosini, jasho limemjaa machoni, kisu kinametameta mkononi mwa Mwarabu. Bastola inalia. Risasi hiyo ya kwanza hata mimi ningekuwa tayari kulikabidhi jua. Kisha kuna kituo. Kisha zinafuata risasi nne nyingine, ndani ya mwili ambao hausogei tena. Baadaye hakimu mpelelezi anamganda kwa swali hilohilo: kwa nini ulisubiri kati ya risasi ya kwanza na ya pili? Meursault hajibu. Mbele ya mahakama, akitakiwa aseme sababu, anasema lilikuwa jua, na watu wanacheka. Unaweza kusema ni "shetani alinipitia" ya Algiers, na utakuwa umekosea kidogo tu. Sisi tukimtaja shetani tunaomba huruma. Meursault haombi chochote. Anasema jua kwa sababu ndicho kitu pekee anachoweza kukisema bila kuongopa. Lakini zile risasi nne ziko palepale, hazina mwenyewe, na riwaya inakataa kuzizika.

Na kuna jambo ambalo mwenzako amelisahau: Meursault hajiui. Ananyongwa? Hata kunyongwa si neno lake, ni kukatwa kichwa, tena kwa hukumu ya serikali. Usiku wa mwisho, baada ya kumfukuza padri kwa hasira, anajiona alikuwa na furaha na bado anayo. Mwaka huohuo wa 1942 Camus alitoa Le Mythe de Sisyphe, insha inayoanza kwa kusema kwamba swali zito la falsafa ni moja, kujiua. Watu husoma sentensi hiyo wakafunga kitabu. Endelea. Jibu lake ni hapana. Dunia haijibu tunapoita, sawa. Kujiua ni kukubali kwamba imeshinda. Sisyphus, yule wa hekaya za Kigiriki aliyehukumiwa kazi isiyokwisha, analisukuma jiwe hadi kileleni, linaporomoka, anashuka kulifuata, na katika kule kushuka akiwa na akili zake timamu Camus anamwona ni mkubwa kuliko jiwe. Kwa kipimo hicho Kazimoto hakumfuata Camus. Alimgeuzia mgongo.

(Kando kidogo: wanafunzi wawili watatu katika maisha yangu waliniuliza swali hili la kujiua kwa sababu zisizokuwa za fasihi. Kama wewe ni mmoja wao, weka insha chini, tafuta mtu unayemwamini uzungumze naye leo, hata usiku huu. Insha itangoja.)

Kabla sijamwacha Meursault, niseme hili haraka. Aliyeuawa hana jina. Kurasa zote zile anaitwa Mwarabu tu. Mwaka 2013 mwandishi wa Aljeria, Kamel Daoud, alitoa riwaya inayosimuliwa na mdogo wake marehemu, akampa jina, Moussa. Msomaji wa nchi iliyotawaliwa hana budi kuuliza uhuru huu unaoimbwa ni wa nani, na nani amelala mchangani ili mwingine aufikirie.

Sasa nirudi kwa Kazimoto wako na aliyemwandika. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafariki Januari 2020. Tazama alivyoandika mfululizo: Rosa Mistika 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975. Hiyo ndiyo miaka ya Azimio la Arusha. Mwandishi alitarajiwa aonyeshe jembe, kijiji na kesho njema. Yeye akaleta binti anayejiua, msomi anayejiua, na kijana anayeitwa Tumaini anayemuua mkuu wa wilaya. Rosa Mistika iliwahi kuzuiwa mashuleni. Watu walidhani tatizo ni mambo ya kitandani. Nadhani kilichowasumbua zaidi, bila kukijua, ni ukurasa wa mahakama ya Mungu mwishoni, ambapo Rosa na baba yake Zakaria wanatupiana lawama. Baba alimfungia binti kwa fimbo, binti alipotoka akapotea. Nani wa kulaumiwa? Ukisema baba, umemfanya Rosa kuwa mbuzi ya nazi, kitu kilichochongwa. Ukisema Rosa, fimbo za miaka yote zile umezifuta. Kezilahabi alikuwa na umri usiofika miaka 30 alipokuwa analiuliza hili kwa Kiswahili.

Kichwamaji inafunguka Kazimoto akiwa nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Amerudi likizo kutoka chuo kikuu, anatafuta kazi ya muda, na mkuu mwenyewe ni Manase, mtu wa rika lake waliyejuana tangu utoto. Anasubirishwa. Kaa na picha hiyo, kwa sababu mambo mengi ya riwaya yamo humo: wawili waliotoka mahali pamoja, mmoja kiti, mwingine benchi. Manase ndiye aliyemharibu Rukia, dada yake Kazimoto. Rukia anakufa, mama naye anafuata. Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada wa Manase, na mwisho wa safari hiyo anamwoa Sabina huyohuyo.

Milango iko wapi? Mimi nauona mmoja kwenye kisasi. Kazimoto ndiye msomi, ndiye anayeichambua dunia mpaka inabaki mifupa, anayehoji dini, anayewahoji wazee. Linapokuja suala la kisasi hahoji. Analipokea kama mtu anayerithi shamba: ni langu, nitalilima. Kumbe hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa nayo ya kusema hapana, na hakuna aliyemshikia panga. Mlango mwingine ni maneno yake kuhusu kizazi chake, kwamba wasomi wamekuwa vichwamaji. Ni maneno makali, mengi yana ukweli, lakini yasome tena ukiwa na lile sikio la "shetani alinipitia". Mtu anayesema "sisi sote tumeharibika" amejipunguzia sehemu yake ya deni. Katika hesabu yangu, Kazimoto ameielewa nusu ya kwanza ya udhanaishi, kwamba hakuna mchoro, kisha nusu ya pili ikamshinda. Ameshika tezo mkononi analalamika kwamba hakuna mchoro.

Wapo watakaobisha. Watasema namhukumu kwa kipimo cha Paris. Labda. Na hapa ndipo ambapo insha yako ingeweza kuwa na uzito kuliko za wenzako. Tazama watu wa Wafaransa hawa. Roquentin, katika La Nausée ya Sartre (1938), anaishi peke yake hotelini katika mji usio wake. Meursault anaingia kwenye riwaya akiwa anamzika ndugu pekee tunayemjua. Watatu wa Huis clos hawakuwahi kuonana duniani. Ni rahisi kuwa huru ukiwa huna shangazi. Ukerewe hakuna mtu aliye peke yake: uamuzi wa Kazimoto unamwangukia dada, mama, mke, mtoto, na ukoo wa pili pia. Kezilahabi ameuhamisha udhanaishi kutoka chumba cha hoteli akauingiza ndani ya boma, na ukiwa humo ndani unaanza kutoa jasho. Simone de Beauvoir, mwanafalsafa mwenza wa Sartre, alikuwa amelikaribia hilo, aliposisitiza kwamba uhuru wangu hauwezi kusimama wa kwako ukiwa umevunjika. Katika Kichwamaji hoja hiyo haisemwi na mtu. Inazikwa, kaburi moja baada ya jingine.

Uliuliza waliandika riwaya na tamthilia za nini. Katika mhadhara uleule wa 1945 Sartre alisimulia kijana aliyemjia wakati wa vita. Kaka yake aliuawa mwaka 1940, baba amekosana na mama, mama hana mwingine. Aende Uingereza kujiunga na wanaopigana, au abaki na mama? Vitabu vya maadili vinasema mpende jirani yako. Jirani ni yupi, mama au taifa? Aende kwa padri? Akimchagua padri wa upande fulani, jibu amekwisha kulichagua. Ona kwamba hiyo tayari ni riwaya. Ina mama, ina vita, ina meli ya kupanda au kutopanda. Ukiitoa hali hiyo ukabaki na kanuni, huna kitu mkononi. Ndiyo maana wanafalsafa hawa waliandika hadithi: uchaguzi haupo nje ya mtu fulani, siku fulani, mbele ya mlango fulani.

Kuhusu tamthilia za kibwege, zile zinazoonyesha dunia isiyo na mantiki kwa mchezo usio na mantiki, nitakwenda mbio kwa sababu zinastahili barua yao. En attendant Godot ya Samuel Beckett ilionyeshwa Paris Januari 1953: watu wawili chini ya mti wanamsubiri Godot, haji, na pazia linapoteremka wamesema twende na hawakusogea. Mhakiki Martin Esslin, katika kitabu chake cha 1961, alieleza tofauti kwa njia ambayo sijaona bora: Sartre na Camus wanasema dunia haina mpangilio kwa kutumia hoja zilizopangika vizuri, ila akina Beckett na Ionesco wanaivunja hoja yenyewe, mazungumzo yenyewe yanakwenda upogo. Mwaka 1957 igizo hilo lilipelekwa kwa wafungwa wapatao 1,400 wa San Quentin, California. Watu walihofia wafungwa watachoka. Hawakuchoka. Wao kusubiri hawakuhitaji kufafanuliwa.

Kwa Kiswahili anza na Amezidi ya Said Ahmed Mohamed (1995), ambamo Ame na Zidi wanaishi pangoni wakila ndoto na misaada. Ina kicheko cha Beckett, lakini hapa kusubiri kuna mfadhili na kuna sahani tupu. Kezilahabi mwenyewe alikuja kuivunja hoja: Nagona (1990) na Mzingile (1991) hazina kijiji cha kukishika wala saa ya kuitazama. Usizianze hizo kabla ya Kichwamaji, utapotea.

Na kila mhusika mwenye huzuni? Hapana, jamani. Huzuni ya njaa ni njaa. Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) ina kijana anayeugua akili, ina shetani na binadamu chini ya mbuyu, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeipachika jina la udhanaishi. Mimi naisoma kama tamthilia ya historia: ugonjwa ule una tarehe, una mkoloni, una nyumba zilizobadilisha wenyewe. Iache hapo ilipo.

Sasa kazi yako. Usianze na ufafanuzi wa Sartre, kila mtu ataanza nao. Anza na benchi la Manase, au na kituo kati ya risasi ya kwanza na ya pili, eleza unachokiona kwa ukurasa mzima, kisha ndipo ulete neno udhanaishi, likute nyumba imekwisha kujengwa. Ukinukuu Kichwamaji, nukuu pale Kazimoto anapojitetea, si pale anapolalamika. Mwenzako mwambie akusomee kwa Kifaransa ule ukurasa wa ufukweni, hata kama huelewi. Sentensi ni fupifupi, na kituo utakisikia kwa sikio.

Na mkishawishika kuiigiza Huis clos hapo chuoni, kama vijana wangu walivyofanya, mbao za mlango zianikwe juani wiki mbili.